Sumaku na Macho ya Cheche

Mume wangu anaitwa Cheche na kila mtu, hata mama yake mzazi, kwa sababu anachomelea mageti na madirisha na hajawahi kuvaa miwani ya kazi. Anavaa miwani ya jua. Ukimsema, anakujibu kwamba macho yake yameshazoea, utadhani macho ni mbwa. Huyo ndiye niliyemchagua mwenyewe, kwa akili zangu timamu.

Mwaka huu akaanza kwenda chooni kila mara na kukaa huko kama anasubiri mgeni. Nikajua. Kaka yake alianza hivyo hivyo, akasema ni mgongo, akajipaka dawa za kuchua mpaka tukamzika. Kumbe ilikuwa saratani ya tezi dume. Basi nikamburuta Cheche hospitali. Vipimo vya damu vikaonyesha kuna jambo. Daktari akasema kabla ya kumchoma sindano ya kuchukua kipande kidogo cha tezi kikapimwe, apite kwanza kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Ikionekana sehemu ya kutilia shaka, sindano iende palepale, asichomwechomwe kwa kubahatisha. Cheche aliposikia sindano inakwenda huko chini, akakumbuka kwamba ana geti la mteja halijaisha.

Siku ya kipimo alikuwa mpole mno, nikashuku. Mtaalamu wa mashine, binti mdogo tu, akamuuliza: "Baba, umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni?"

"Mimi? Hapana. Kamwe."

Nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu, huyu anachomelea vyuma tangu hujazaliwa. Kule karakana wanatoana chuma machoni kwa sumaku ya spika ya redio. Juzi tu walimlaza juu ya meza wakamchokonoa."

Binti akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba mashine yenyewe ni sumaku kubwa ajabu, na chembe iliyobaki jichoni inaweza kusogea ikampofusha. Lazima macho yapigwe eksirei kwanza. Yakapigwa, yakakutwa safi, jambo ambalo mimi mpaka leo silielewi. Lakini zamu yake ilishapita, tukaambiwa turudi wiki inayofuata.

Njia nzima nilimsema. Mtu anayejua sumaku inavyovuta chuma jichoni kuliko wote mtaani, anadanganya ili aingizwe ndani ya sumaku? Tulipofika nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Nilijua," akasema. "Ila nilijikaza kwa ajili ya leo tu, mama watoto. Nikirudishwa nyumbani, najijua, siendi tena. Bora jicho."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumshushia. Badala yake nikainama, nikamvua viatu.

Na kweli, siku ya kurudi aliniponyoka asubuhi nikiwa naoga. Nikamkuta karakana amepiga magoti mbele ya geti, wenzake wanacheka wakijua nimekuja kumwaga radhi. Hata yeye alikuwa anazisubiri kelele zangu, amejiinamia tayari. Nikachuchumaa karibu yake.

"Naogopa," nikamwambia. "Mke wa kaka yako alimwogesha mumewe kama mtoto mchanga, huku mume analia kwa maumivu. Mimi siwezi kukuogesha hivyo. Nakupenda, mjinga wewe, na siwezi."

Wale wengine wakaacha kucheka. Cheche akazima mashine ya kuchomelea, akanawa mikono, tukaenda hospitali.

Picha zikaonyesha doa dogo upande wa mbele wa tezi, ambako kidole cha daktari, kinachopima kwa njia ya haja kubwa, kisingefika. Sindano ikaenda palepale. Majibu yalipotoka, daktari hakuzunguka: ni saratani, bado iko ndani ya tezi, inatibika. Nikaung'ang'ania mkono wa mume wangu kwa nguvu zote, maana namjua, angeweza kula kona wakati wowote.

"Tunaanza lini?" akauliza.

Basi aliyelia ni mimi, kwa sauti, kamasi na vyote, mbele ya daktari wa watu. Cheche akanitolea mfukoni kitambaa chake cha kufutia grisi, nami nikakipokea hivyo hivyo.