Daktari Asiyejua Kuombea

Kule Louisville, kila nilipotoka kazini nilimkuta mama kaishikilia rimoti, anatazama vichekesho vya zamani vya daktari wa akili na wagonjwa wake. Mmoja aliogopa lifti, mwingine aligombana na kila kiti alichokalia. Mama hakucheka hata siku moja. Vile vicheko vya watu wasioonekana vilimkera.

"Donc, mutu iko mugonjwa na banacheka?"

Daktari ndiye aliyemuudhi zaidi. Anasikiliza, anawaaga, hakuna chai wala maombi! Basi kwenye sala ya familia tukawaombea wagonjwa wa televisheni, chakula kikipoa, mimi nikisaga meno. Kesho yake yule wa lifti bado alipanda ngazi, na mama akaanza kufunga kula kwa ajili yake.

Kisha zahanati ikamtuma mama mwenyewe kwa mwanasaikolojia wa kweli, maana tangu tukiwa kambi ya wakimbizi hakuwa akipata usingizi. Akabeba chupa ya chai. Nilimngoja garini mpaka nikachoka. Akatoka amechangamka, chupa tupu.

"Mama, amekuambia nini?"

"Bon, nimemuombea. Muke yake alimuacha. Tutarudi juma ijayo, hajapona bado."