Hadi Ishirini

Sittina alikuwa mwepesi wa hasira tangu utotoni kwao kisiwani Nosy Be, na hakuwahi kuionea haya tabia yake hiyo. Lakini hasira aliyoipandisha Ijumaa moja ya mwaka 2017, nyumbani kwake Ampisikina, mjini Mahajanga, iliwatisha hata majirani waliomzoea.

Binti yake, Laïla, alikuwa anaolewa. Baba wa binti, Ousséni, mtalaka wa Sittina, alikuwa Nosy Be, amepooza upande mmoja. Boti ya kuvuka hadi bandari ya Antsahampano hakuiweza, sembuse barabara ndefu ya kutoka huko hadi Mahajanga. Hata ulimi ulikuwa mzito. Kwa miezi alikuwa akijifundisha upya sentensi moja tu, ya kumwakilisha Fundi Daoudou, mwalimu wa dini wa mtaa wa Sittina, yaani kumfanya wakili wake amwozeshe binti yake. Angeweza kuisema kwa simu siku yoyote na sheria ikatimia. Hakutaka. “Sijafa,” alisema. “Watu wanione.”

Sasa huko kuonekana ndiko kulikokuwa na gharama. Sittina, ambaye hesabu zake zote huzipiga kwa mchele, alijua kwamba intaneti ya simu ni makopo machache tu, lakini picha hukwama. Dishi la setilaiti, kama walilo nalo wenye hoteli za watalii, ni magunia kwa magunia. Katikati akajitokeza Mikidache, wakala wa kampuni changa ya intaneti, na kisanduku cha waya: nusu gunia kwa mwezi.

“Kasi hadi megabiti ishirini, Madamu.”

Asubuhi alipokiwasha, Sittina alimjaribu. Alibandika sufuria, akatuma video moja Nosy Be kwa kisanduku. Ikafika maji hayajachemka. Akaituma ileile kwa simu. Wali ukaiva, ukapakuliwa, video bado iko njiani. Akalipa.

Asichoambiwa ni kwamba waya ule uliulisha mtaa mzima, na asubuhi mtaa hauko nyumbani.

Ijumaa baada ya Alasiri mtaa ulikuwa nyumbani. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake mlangoni, televisheni ukutani. Uso wa Ousséni ukatokea viraka viraka. “Nimeku…” Akaganda, mdomo wazi, mbele ya wakwe. Akaanza tena. Akaganda tena. Kila kuanza upya kulimla pumzi, na mmoja wa upande wa bwana harusi akacheka.

“Mama Laïla,” alisema Fundi Daoudou kwa upole, “turudi kwenye simu ya sauti tu.”

“Subiri, Fundi!” Sittina alikwishampigia Mikidache. “Iko wapi ishirini yangu?”

“Tulisema hadi ishirini, Madamu. Hata moja imo humo.”

“Mwizi wee! Ningejua, nami ningekulipa hadi nusu gunia. Ningekupa punje moja!”

Akaung'oa waya ukutani, plasta ikamwagika. Hapo akakubali kutoa simu yake ya pili, ya vitufe, akapiga simu ya kawaida, ya bei isiyofika hata kopo la mchele, na kuiweka katikati ya mkeka. Sauti ikaja nzito, polepole, lakini nzima: “Nimekuwakilisha, Fundi Daoudou, umwozeshe binti yangu Laïla.”

“Nimekubali,” alisema Fundi, na ndoa ikafungwa.

Watu walipokuwa wanapeana mikono, simu ilisema tena kutoka pale mkekani.

“Sittina… mmeniona? Nimevaa joho. Walininyoa tangu asubuhi.”

Laïla alimtazama mama yake. Kooni Sittina alikuwa na matusi ya kumtosha Mikidache na kampuni yake nzima, na hakuna hata moja lililofaa hapo. Tangu waachane, hakuwahi kumsifu mwanamume huyu kwa lolote.

“Tumekuona,” alisema, waya ungali umekazwa kiganjani. “Umependeza.”