Mzunguko Mmoja Juu ya Gitega

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hadi mwaka wa tisini, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitini hadi mlangoni kuangalia kama mvua imekatika. Sekondari nilimaliza, lakini jiografia niliipenda ikiwa kitabuni. Muramu wangu, mume wa dada yangu, alikuwa rubani wa ndege ndogo ya mfanyabiashara mmoja, na utulivu wangu ulimkera.

"Wewe hata Butare unaisikia redioni tu," alinitania. "Siku moja nitakubeba kama kuku."

Siku hiyo ilifika, vita ya Rwanda bado haijaanza. Alikuwa na mzigo wa kupeleka Kamembe, kando ya ziwa Kivu, na kiti kimoja kilikuwa wazi. Nilipanda nimefumba macho, nikayafumbua Kamembe, nikajiona nimeshaizunguka dunia.

Wakati wa kurudi alitumbukiza kijiti kwenye tangi la mafuta, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Pembeni kulikuwa na jerikeni mbili za mafuta alizowekewa. Hakuzigusa. Alipakia magunia matatu ya sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, ya biashara yake mwenyewe.

"Mafuta ni uzito, samaki ni uzito," akasema. "Lazima kimoja kibaki."

"Na mafuta yakiisha?"

"Muramu, wewe iko mwoga! Iko ya kutosha mpaka uwanja wa Kanombe."

Labda yangetosha. Lakini mawingu juu ya msitu wa Nyungwe yalituzungusha mbali, na tulipofika Kigali hakwenda kutua moja kwa moja. Alikuwa na desturi yake: kuzunguka mara moja juu ya nyumba yake katika mtaa wa Gitega, ili dada yangu ajue na abandike viazi jikoni. Nilimwona dada uani akipunga kitenge. Ndipo injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. 

Tuliangukia bondeni, kwenye matuta ya viazi vitamu. Yeye alichubuka paji la uso. Mimi nilivunjika mkono wa kulia, na nikanuka sambaza wiki nzima.

Siku ya tatu asubuhi dada alikuja hospitali. Hakukaa.

"Kaka, wewe hawana cha kukufanya. Yeye watamfukuza. Watoto watakula nini?"

Sikumwelewa. Nilimwelewa mchana, mwenye ndege alipoingia na karatasi iliyopigwa taipu, muramu akiwa nyuma yake anatazama dirisha. Karatasi ilisema magunia yalikuwa ya abiria, na kwamba abiria huyo alimsihi rubani azunguke Gitega. Abiria, yaani mimi, ambaye hata kwenda sokoni ni lazima nisukumwe.

"Ni kweli?" mwenye ndege akauliza.

Nilimsubiri muramu aseme neno moja, hata la utani. Aliendelea na dirisha lake. Nikafikiri jinsi maneno yale yalivyopangwa mezani kwa dada yangu kabla hayajafika kitandani kwangu.

"Ni kweli," nikasema. Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto, ikatoka kama ya mtoto wa chekechea.

Kazi yake ikabaki. Angeniambia asante, pengine moyo ungelainika. Badala yake, miezi michache baadaye, kwenye posa ya binti wa shangazi yetu, alisimama mbele ya wageni.

"Mnamwona huyu muramu wangu? Alinililia huko juu: zunguka, zunguka, dada anione!"

Watu wakacheka hadi machozi.

"Na samaki je?" mmoja akachokoza.

"Samaki wake ndio walituangusha!"

Alisema hivyo akinitazama usoni, bila kupepesa, nikaona kwamba ameshaiamini hadithi yake.

Dada alikuwa akigawa bia ya ndizi. Alinijazia mimi kwanza, kabla hata ya wakwe, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Nilikiweka chini kikiwa kimejaa, nikamwomba aliyekaa mlangoni anipishe.