Mechi ya Nje na Maji ya Orest

"Kwa hiyo wachezaji wa hoki wameacha uwanja wenye paa, wenye joto, wenye viti vya sponji, wakaenda kucheza kwenye upepo makusudi. Halafu mimi nikae niite hiyo burudani." Orest Wasylenka alikuwa amesimama katikati ya jiko, mkono mmoja ndani ya glovu na mwingine mtupu. "Mimi niko kwenye upepo huo tangu Novemba, na sijaona kamera hata moja."

Lavonne mkewe alikuwa anabana kingo za pirogi, vile vitambi vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, akizipanga kwenye sinia lenye unga. Hakugeuka. Alimjibu kwamba kamera zina haki ya kuogopa uso kama huo.

"Na umemwalika Lorne."

"Nimemwalika. Anakula peke yake tangu mkewe Irma afe. Kila mwaka siku ya mechi ya nje anakuja hapa, unajua."

"Kutazama barafu ya watu wa mbali anakuja. Hii ya hapa mbele ya mlango wake haioni."

Lavonne akabana pirogi nyingine, maana hapo mumewe alikuwa amesema kweli, na mwanamke aliyeolewa siku nyingi hujua mahali pa kuacha mzozo ujifie wenyewe.

Uwanja wa barafu wa mji wetu mdogo wa Halder uko nyuma ya shule, kati ya nyumba ya Orest na nyumba ya Lorne Thiessen. Una mbao za ukingo, taa mbili na kibanda cha kuvalia viatu vya kutelezea. Zamani ulikuwa na wanaume sita wa kuumwagia maji, kila mmoja na siku yake. Mmoja amezikwa. Wawili walifuata watoto wao mjini. Wa nne alibadilishwa magoti yote mawili na sasa anatembea kama anapanda ngazi hata akiwa sebuleni. Wa tano ni Lorne, ambaye jioni moja alisema mgongo unamuuma, zamu yake ataifanya wiki ijayo. Wiki hiyo Halder nzima inaingoja mpaka leo. Akabaki Orest.

Orest hakuzaliwa na mpira wa maji mkononi. Alizaliwa shambani kaskazini ya reli, akafanya kazi kwenye ghala refu la nafaka mpaka siku walipolivuta kwa kamba za chuma likaanguka, naye akiwa amesimama barabarani na wenzake wakitazama mishahara yao ikigeuka vumbi. Baada ya hapo kazi ikawa ni barafu, kazi isiyo na mshahara wala kustaafu. Unamwaga maji membamba, unangoja yashike, unamwaga tena. Ukimwaga mengi kwa pupa, juu hushika na chini hubaki uwazi, mtoto akikanyaga mguu unazama. Glovu hulowa, kisha hukauka kuwa mbao. Kila usiku anaingia ndani akiwa ameinama zaidi kidogo.

Msimu ule alikuwa amewaambia watu wa halmashauri kuwa huo ndio wake wa mwisho. Walimpigia makofi, wakampa kofia ya sufu yenye kishada. Hakuna aliyeuliza mpira wa maji atauchukua nani. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Uchovu alikuwa ameuzoea, lakini kuuweka chini ule mpira ilikuwa sawa na kuuzima uwanja kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa hana mtu wa kumpa.

Basi kila mwaka ligi kubwa ya hoki ya barafuni huchukua mechi moja ikaipeleka nje, kwenye uwanja wa wazi, theluji na yote, na nchi nzima hukaa mbele ya televisheni. Kesho yake Halder huingiwa na wazimu. Watu ambao hawajavaa viatu vya kutelezea tangu waoe hushuka kwenye vyumba vya chini kuvitafuta. Watoto wanaopelekwa kwa gari kwenye uwanja wa ndani wa mji wa pili, wenye vyumba vya joto na mashine ya soda, ghafla wanataka barafu ya nje. Hiyo ndiyo Jumapili pekee ambayo uwanja wa Orest hujaa. Kona ya upande wa Lorne ilikuwa imebonyea, lazima inyweshwe kabla ya kesho, na nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Orest akavaa glovu ya pili akatoka, akiusema ulimwengu mpaka mlango ulipofungwa.

Aliuvuta mpira kutoka kwenye koki ya shule, akaulaza kwenye ile kona, akafungua maji. Kwa kawaida mtu haingii nyumbani mpira ukiwa unamwaga. Lakini kiungo kilikuwa kinavuja, glovu zikalowa kabla hajaanza, na vidole vya mzee wa miaka yake havingoji. Akajiambia atavuka njia mara moja kuchukua glovu kavu.

Ndani walikuwa wameshakaa. Lorne kwenye kiti cha pembeni, sahani magotini, na Doreen, dada yake Lavonne, kwenye kochi na soksi zake nene. Orest akasimama kwenye mkeka wa mlangoni na viatu vyake vya theluji miguuni. Huku kwetu mtu akisimama kwenye mkeka na viatu, maana yake hakai. Akaomba glovu. Lavonne akasema ziko juu ya radieta, kile chuma cha kupashia nyumba joto, zinamalizia kukauka, asubiri kidogo.

Kwenye kioo cha televisheni theluji ilikuwa inaanguka kwa mshazari, na vijana wanaolipwa pesa za kununua Halder nzima na chenji ikabaki walikuwa wanavuta kamasi.

"Mtazame yule," Doreen alisema. "Ana nyumba tatu na pua inamtiririka kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi hapo ndipo nawapenda."

Lavonne akasema yeye mechi za ndani hazimwingii, zote ni taa na matangazo, lakini hii huwa haikosi, kwa sababu unaona pumzi zao. Ukiona pumzi ya mtu unajua na yeye ni mtu. Lorne, ambaye hasemi sana, akasema anachopenda yeye ni kwamba theluji haina upande. Mchezaji bora wa dunia anasukuma kile kisahani cheusi cha mchezo, kinagonga theluji, kinasimama. Anageuka nyuma kukitafuta kama aliyepoteza funguo.

"Upuuzi," alisema Orest kutoka mkekani. "Hata kisahani chenyewe hakionekani."

"Basi usitazame, mzee," Lavonne alimwambia. "Angalia ukuta."

Hakuangalia ukuta. Refa alikuwa amepiga filimbi kwa sababu mbele ya goli barafu ilikuwa imechimbika. Akatoka mwanamume mmoja mwenye koti la kazi, si kijana, akapiga magoti. Alikuwa na ndoo ya theluji iliyolowa na chupa ya maji. Akashindilia shimo kwa kiganja, akamwagia, akashindilia tena, halafu akapuliza mtungi wa gesi ya baridi ili lishike. Wachezaji wakasimama kumzunguka wakipiga magongo chini. Kamera, kwa kukosa cha kuonyesha, ikabaki kwa yule bwana. Akafuta pua kwa mkono wa koti. Akajaribu kuinuka, goti likakataa, akashika mlingoti wa goli, akainuka kwa vipande.

Sebuleni hakuna aliyecheka. Orest alikuwa amesogea mpaka ukingo wa mkeka.

"Asiwe na haraka," alisema taratibu, kwa yule bwana. "Liache likae."

Mchezo ukaendelea. Orest akainama, akafungua kamba za viatu. Lavonne aliona, akajifanya hajaona, akampelekea sahani ya pirogi zenye vitunguu vya kukaanga na krimu chachu juu. Akala akiwa ameegemea mlango, kisha akiwa kwenye mkono wa kochi, kisha akiwa kwenye kochi lenyewe, karibu na Doreen, akiuliza hilo shimo limeshika au halijashika. Kila kamera ilipopita mbele ya goli aliinua kidevu. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha. Alipiga kelele upepo ulipomrudishia kipa mmoja kisahani ambacho hakuna aliyekipiga. Aliwaeleza wote, bila kuulizwa, kwa nini katikati ya kipindi cha tatu timu zinabadilishana pande mechi ikiwa nje: ili upepo usile upande mmoja tu. Walikuwa wanajua. Walimwacha aeleze.

Timu zilipokuwa zinabadilishana ndipo Doreen aliponyanyuka kwenda dirishani, kuona kama na hapa theluji imeanza. Akafuta mvuke kwenye kioo.

"Shemeji," alisema, "kwani uwanja wako mwaka huu umeuongeza mpaka kwa Lorne?"

Orest alitoka na soksi mpaka kizingitini, akarudi kuchukua viatu, akatoka bila glovu.

Maji yalikuwa yameijaza kona, yakapita chini ya mbao za ukingo, yakateremka mteremko mpaka uani kwa Lorne, yakatafuta mahali pa kupumzika. Yalipumzika chini ya pikapu yake. Magurudumu manne yalikuwa yameshikwa mpaka karibu na rimu, na waya wa umeme wa kupashia injini joto usiku umelala ndani ya barafu kama samaki. Umeme ulikuwa umejikata wenyewe. Orest akafunga koki. Aliporudi Lorne alikuwa amesimama kando ya gari lake, kofia imemfika machoni, akilitazama.

Orest akangoja atukanwe. Angeona afadhali. Miaka yote hiyo alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia mtu huyu kuhusu kazi na uzembe, na sasa yalikuwa hayana pa kukaa.

Lorne akaenda bandani akarudi na mtaimbo na shoka. Akampa Orest shoka.

Walikata barafu, gurudumu kwa gurudumu. Lavonne akaja na birika la maji ya moto, na Lorne akamwomba kwa heshima zote, mama, arudi nalo, kwa sababu dakika tano baadaye hayo nayo yangekuwa barafu. Akarudi nalo. Kupitia dirisha walimsikia Doreen akishangilia goli ambalo wao hawakuliona.

Gurudumu la pili lilipoachia, Orest alikaa kwenye ngazi ya mlango wa Lorne. Akaiingiza mikono kwapani.

"Nilikuwa natazama ile takataka," alisema. "Nimesahau maji. Kazi yote hii, sijawahi kusahau maji."

"Ilikuwa mechi nzuri," alisema Lorne.

"Ilikuwa nzuri."

Lorne akauegemeza mtaimbo kwenye gari. Akasema, bila kumwangalia, kwamba ule mgongo ulipona baada ya kama wiki mbili. Kilichokuja kuuma baadaye ni ile njia ya kuvuka kutoka mlangoni kwake mpaka uwanjani. Kila wiki ilipopita ilizidi kuwa pana. Alikuwa anakaa gizani jikoni kwake, anamwona Orest akimwaga, anavaa koti, analivua. Irma akamcheka mpaka akachoka kumcheka.

Orest alisikiliza mpaka mwisho. Jambo la kumkasirisha kama hilo alikuwa amelingoja sana, na alipolipata akaona hana nguvu ya kulibeba.

"Nimegandisha gari lako," alisema. "Zile zamu zako zote nimezifuta. Tumalize."

"Usizifute. Kesho alfajiri nitatoka mimi."

"Utamwaga mengi."

Lorne akatazama ua wake, magurudumu yake, waya wake. "Kuliko nani?"

Orest akacheka, kicheko kikavu kilichomalizikia kwenye kikohozi. Wakarudi kwenye gurudumu la tatu.

Alfajiri Orest aliamka kama kawaida yake kabla hakujapambazuka vizuri, na mguu mmoja ulikuwa umeshagusa sakafu aliposikia maji. Alijua sauti hiyo hata akiwa usingizini: maji yakipiga barafu, mpira ukiburutwa, buti zikikwaruza. Akakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza. Upande wa shule Lorne alikuwa anakwenda vizuri. Upande wa huku alikuwa amesimama mahali pamoja mno.

"Unatoka?" Lavonne aliuliza ndani ya mto.

Alikuwa na jambo la kumwambia yule mtu kuhusu ile kona. Lilikuwa jambo fupi, la kupiga kelele tu dirishani. Akaufikiria ubaridi wa kioo cha dirisha, akaurudisha mguu ndani ya blanketi.

"Hiyo ni zamu moja," alisema.

"Bado ngapi?"

Orest akasema hesabu hiyo ameiacha jana uani kwa Lorne, akageukia ukutani. Watoto wa kwanza walipofika na magongo yao mabegani yeye alikuwa bado amelala.