Firigisi ya Baba Mkubwa Ukutani

Heri niusimulie mkasa huu mwenyewe, maana nikikaa kimya Eda anausimulia kwa niaba yangu, na Eda akisimulia anaongeza chumvi mpaka eti nilizimia (sikuzimia, nilikaa tu chini ghafla). Kwa hiyo sikieni kwangu mwenye aibu yangu, Skolastika, mtoto wa Peramiho, mwanafunzi wa chuo, mtu mzima kabisa, niliyeonyeshwa ukutani mbele ya ukumbi mzima wa wazazi kuwa mwizi wa nyama.

Chuo chetu pale Songea kilituletea apu ya lishe ya kwenye simu. Ni kitu kizuri, sisemi vibaya. Kila unachokula unakipiga picha kabla hujakigusa, unaandika ni nini, umekula kiasi gani, umekula na nani, wapi, na ukimaliza umejisikiaje, halafu yenyewe inakuambia mwili wako umepungukiwa nini, na ukijaza kila siku bila kuruka unapewa nyota. Mwalimu wetu wa lishe, Mwalimu Neema, dada mdogo tu aliyehamia kutoka Dodoma, alituambia lengo ni tukijue chakula na tujifunze kukizungumza na watu wa nyumbani kwetu. Mimi hilo la kuzungumza niliona ni la ziada, nikashika la nyota, na nilizikusanya kwa uroho kiasi kwamba nilipiga picha hata karanga tatu nilizozikuta kwenye mfuko wa koti.

Ninaishi Mshangano kwa mama mdogo na mumewe, na Eda ni binti yao. Mwezi ule Eda alikuwa ameposwa, na kilichobaki ni kupokea wageni wa upande wa mwanaume. Sasa kwenye ukoo wa baba mdogo, wageni wa namna hiyo hawapokelewi kama kaka mkubwa hayupo, na kaka mkubwa ni mzee mmoja aliyehamia Nakapanya kulima korosho, sisi tunamwita baba mkubwa, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Ijumaa moja akaja ili wapange siku. Akachinjiwa jogoo, mama mdogo akapika, kisha akaniachia jiko niangalie mchuzi wakati yeye anamkaribisha mgeni.

Hata mtoto wa chekechea anajua firigisi ya kuku wa mgeni ni ya nani. Nilijua. Lakini asubuhi ile apu ilikuwa imeniwekea alama nyekundu kwenye madini ya chuma, siku ya tatu mfululizo, na ikaniandikia kabisa: jaribu maini, firigisi, mboga za majani. Mboga zilikuwepo, matembele yamejaa sufuria. Mimi macho yakaenda kwenye firigisi inavyocheza kwenye mchuzi, nikajiambia nitaonja pembeni tu. Firigisi haina pembeni, jamani, ukianza umeanza. Nikaitoa nikaiweka kwenye kisosi, nikaipiga picha (nyota ni nyota), nikaila nimesimama nyuma ya mlango, nikajaza kila kipengele kwa uaminifu wote niliokuwa nao siku ile.

Chakula kikaenda mezani. Baba mkubwa akanawa, akafanya ishara ya msalaba, akapekua bakuli kwa kijiko taratibu, upande huu, upande ule, kisha akauliza, "Shemeji, kuku wa nyumba hii wanaishi bila firigisi?"

Mama mdogo akaja jikoni mbio. "Skola, firigisi iko wapi?"

"Kwani haimo?" nikasema.

Tukaitafuta. Naomba mnielewe vizuri: mimi na mama mdogo tuliitafuta. Mimi ndiye niliyewasha tochi ya simu, simu ileile yenye picha, nikamulika chini ya meza, kwenye maji ya kunyonyolea, mpaka kwenye ndoo ya takataka, huku mama mdogo amepiga magoti na kitenge chake kipya cha kupokelea mgeni. Mwishowe akarudi sebuleni akasema labda ilianguka wakati wa kuosha. Baba mkubwa akasema sawa, akanawa mikono akiwa amekula tonge moja tu, akasema ameshiba, na kuhusu siku ya Eda akasema, "Tutaona." Akaenda kulala kwa ndugu yao mwingine huko mjini.

Hiyo "tutaona" tuliishi nayo siku nane. Baba mkubwa akipigiwa simu hapokei, upande wa mwanaume wanauliza waje lini, Eda hali wala hacheki. Halafu yakaanza kutufikia maneno ya ukoo kwamba mama mdogo alimficha mzee firigisi makusudi, hamtaki kwenye shughuli ya binti yake. Mama mdogo akayasikia, akaendelea kupika. Na mimi kila jioni najiambia kesho nasema, kesho ikifika najaza apu yangu, napewa nyota, nalala.

Nyota hizo ndizo zilizoniponza. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi chuoni, na kwa kuwa niliongoza darasa zima, mimi ndiye niliyechaguliwa kuwaonyesha wazazi apu inavyofanya kazi. Baba mdogo akaona ndiyo nafasi ya kumlainisha kaka yake, maana mzee anapenda kuketishwa viti vya mbele, akamfuata mwenyewe mpaka alipofikia. Kweli akaja, na koti na kofia. Mama mdogo na Eda wakakaa mstari wa nyuma yake. Mama mdogo alipomwamkia shikamoo, mzee aliitikia, ila akiwa anaangalia mbele.

Nilikuwa nimejiandaa kuonyesha Jumatatu yangu: ugali, dagaa wa Nyasa, matembele, papai, rangi zote. Mwalimu Neema akaunganisha simu na projekta, kila kilichomo kwenye kioo kikatokea ukutani, kisha akasema kwa furaha, "Ili wazazi wasidhani tumepanga, tumwombe mzee wetu hapa mbele achague siku yoyote."

Baba mkubwa hakufikiri sana. "Ijumaa ya wiki iliyopita," akasema. "Nilikuwa mgeni kwao. Nataka kuona wenyeji walikula nini."

"Mtandao unasumbua," nikasema.

"Haihitaji mtandao," akasema Mwalimu.

"Chaji inaisha."

"Mbona imejaa?" akauliza mama mmoja kule nyuma, maana betri nayo ilikuwa inaonekana ukutani.

Mwalimu akabonyeza mwenyewe. Firigisi ikatokea, jamani, kubwa kama mlango, inang'aa mafuta, na chini yake maandishi ambayo Mwalimu aliyasoma kwa sauti nzuri ya darasani: "Firigisi ya kuku, moja, yote. Nimekula na: peke yangu. Mahali: nyuma ya mlango wa jikoni. Hisia baada ya kula: furaha sana." Akageukia wazazi. "Mnaona? Aligundua amepungukiwa madini ya chuma, akachukua hatua! Tumpigie makofi!"

Akapiga makofi baba mmoja tu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

Baba mkubwa akainuka, akavaa miwani, akausogelea ukuta akaitazama firigisi kwa karibu. "Hiyo ni yangu," akasema. Ukumbi ukaangua kicheko, watu wanapiga meza, na hapo ndipo nilipokaa chini ghafla, pale pale sakafuni. Yeye hakucheka. Akamgeukia mama mdogo, akavua kofia. "Shemeji, nimekusema vibaya kwa ndugu zangu wote mpaka Tunduru. Nimekosa mimi. Wageni wa Eda waje Jumapili ijayo, nitakuwepo." Akanionyesha kwa kidole. "Na apike huyuhuyu. Ila simu yake nitaishika mimi."

Eda akaruka kwa furaha. Mimi nilidhani yamekwisha.

Tulirudi Mshangano kwa miguu, mama mdogo mbele, mimi nyuma. Nikamwambia nisamehe. Akasimama, akanitazama bila hasira hata kidogo, afadhali angenichapa.

"Ungeniambia palepale jikoni ningechinja mwingine," akasema. "Kuku tunao. Siku nane, Skola, siku nane silali, najiuliza nimewakosea nini watu wa mume wangu, na wewe uko chumba cha pili unajua."

Nililia njiani mchana kweupe na watu wananipita. Nimeapa, na nyie mnishuhudie, nikiharibu kitu tena mtu wa kwanza kukijua atakuwa ni yule ambaye lawama itamwangukia, na nitamwambia kabla hajainama kutafuta.