Mguu Uliooza na Mgeni wa Suti

Nilipojiunga na jeshi la Marine nilikuwa kijana wa Kitale, niliyechoka kupanga masanduku ghalani huko Laurel, nje kidogo ya Washington. Nilidhani vita ni risasi. Afghanistan nilikuta vita ni uvundo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchoma kinyesi cha kikosi kwa dizeli, nikikikoroga kwa chuma, moshi ukiniganda kooni hata chai ikawa na ladha hiyo.

Bomu lililonijeruhi lilifukiwa ukingoni mwa mtaro wa maji machafu. Lilinirusha humo ndani. Mwenzangu akaingia mpaka kiunoni, akanivuta kwa ukosi huku akitapika.

"Usimeze hayo maji," aliniambia.

Nilikuwa nimeshameza.

Kwenye hospitali karibu na Washington walinikata mguu chini ya goti. Kipande kilichobaki kikaoza, wakakata tena, juu zaidi. Mguu wa bandia ulikuja baadaye, na kwa huo sina lalamiko. Ila wiki zile nilijinusa mchana kutwa. Mama mmoja wa Moshi, msaidizi wa wauguzi aliyekuja kwa basi kutoka Hyattsville, ndiye aliyenisafisha bila kukunja uso.

"Pole, mwanangu. Usaha huu, acha utoke."

Siku moja akaja mwanasiasa na mpiga picha wake. Akaniita shujaa, akalivuruga jina langu, akasimama upande wa mguu mzima. Kisha akamnong'oneza msaidizi wake, nami nikasikia: "Funikeni hicho. Na pulizeni kitu humu."

Wakanitandikia shuka mpya, wakapuliza manukato ya maua. Akanishika mkono, picha ikapigwa. Hata mlangoni hajafika, alikuwa anajipaka dawa ya kuua vijidudu mpaka vifundo vya mikono.

Nilitapika kwenye shuka ile mpya.

"Kesho anakuja mwingine," mama alisema akinifuta.

"Simtaki, mama."

"Basi niachie mimi."

Kesho yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mgonjwa anaoga."

"Tutasubiri," mtu akajibu.

"Huyu huoga polepole sana."

Wakasubiri kidogo, halafu wakahamia chumba cha jirani, kwa mwanajeshi aliyefungwa taya kwa waya. Hakuwa na mtu wa kumzuilia mlango. Kupitia ukutani niliwasikia wakimwomba atabasamu.