Kahawa Niliyoipanda

Juzi nilimkuta mjukuu wangu akizika peremende kwenye chungu cha maua ili ziote. Nikacheka hadi machozi, maana nilikumbuka alasiri moja kwetu Kalembe.

Mama alitufundisha kutenga mbegu kabla ya kula mavuno yoyote. Alasiri ile alikaanga kahawa ya mwisho nyumbani, ya kumpokea baba yetu, Papa, aliyekuwa akirudi kwa miguu kutoka Itebero. Punje zilidata, nyumba nzima ikanukia, wala hakutenga hata moja. Nikadhani amesahau. Alipoenda kuchota maji, nikazipanda zote katikati ya maharagwe, tusikose kahawa tena.

"Furaha, kahawa iko wapi?"

"Nimeipanda, Mama."

"Mutoto huyu! Kitu ya kukaanga inaweza kuota?"

Sauti ya Papa ilishasikika bondeni akisalimia majirani. Tulifukua mbio, tukaosha, tukatwanga. Leo najua moto huua mbegu. Siku ile nilijua tu kwamba nimeharibu mapokezi yake.

Papa alikunywa, akatema kijiwe.

"Mama Furaha, hii kahawa imetoka wapi?"

"Mu shamba. Binti yako ndiye amevuna."

Papa akaangua kicheko, akaninyooshea kikombe.

"Basi, muvunaji, niongezee."